Siku mbili za ugeni zimekwisha, tupeni jembe

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi watu wa West Nile methali hii hatukufundishwa darasani, tuliiishi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, na mapigano yalipofika kwetu mwaka 1980, wazazi wetu walivuka mpaka, wengine wakaingia Zaire na wengine Sudan. Mimi nilivuka nikiwa mgongoni mwa mama. Huko tulipokewa kwa unga. Unga ulikuwa mwema, nani atasema vinginevyo? Lakini wazee wenye busara waliulizia mbegu na jembe mapema, kwa sababu unga huliwa ukaisha, na mbegu huzaa mbegu.

Nimeikumbuka methali hiyo kwa jambo ambalo huenda msomaji hakulitarajia, yaani programu za kompyuta. Nafundisha kompyuta Koboko, na mara kwa mara naitwa Arua kutengeneza mashine za wenye maduka na shule. Nyingi ninazokutana nazo zimekuja kama msaada au zimenunuliwa mtumba, na baadhi yake zinaendeshwa na Linux. Ukimwuliza mwenye mashine kwa nini Linux, atakujibu kwa neno moja: bure.

Hoja yangu leo ni kwamba neno hilo limetulaza usingizi. Ubure ni unga. Jembe lipo, ni letu kwa haki, na karibu hakuna anayeliulizia. Jembe hilo linaitwa chanzo.

Nieleze kwa lugha ya soko. Linux haiji peke yake. Kuna wafungashaji, kama vile Debian, Ubuntu na Fedora, ambao hukusanya programu zilizoandikwa na watu mbalimbali duniani, wakazifunga vizuri na kuzigawa. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, sasa ina vifurushi zaidi ya 60,000. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, inatumia kazi ya Debian kama msingi. Wapo watakaokumbuka zile CD za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa kwa posta bila malipo hata ya stempu, mpaka mpango huo ulipokoma mwaka 2011.

Kifurushi tunachokiweka kwenye mashine kimekwisha kupikwa. Kompyuta inakielewa, binadamu hawezi kukisoma. Lakini kwa kila kifurushi kilichopikwa, mfungashaji anaweka pia kifurushi cha pili, cha chanzo. Ndani yake mna maandishi ya mwandishi wa programu kama alivyoyaandika, mna maelezo ya mfungashaji ya namna ya kuipika, na mna hati yenye hesabu za kuhakiki pamoja na saini. Mwenye kifurushi cha kwanza anakula. Mwenye cha pili anaweza kupika mwenyewe, akipunguza chumvi au akiongeza.

Sasa nitoe mfano wa kweli. Mama mmoja anayefanya biashara ya vitenge na sabuni kati ya Koboko na Ariwara alinijia na kompyuta yake ya mkono. Nilikuwa nimemwekea programu ndogo ya hesabu, nikajisifu kwamba nimemsaidia. Akaniambia, "Mwalimu, mashine yako inajua shilingi peke yake. Mimi nashika shilingi, nashika faranga, nashika dola. Kila jioni nageuza kwa kichwa ndipo niandike. Juzi mashine imeniambia nimepata faida, kumbe nimekula mtaji."

Yeyote anayefanya biashara Vurra au Oraba anajua uzito wa maneno hayo. Mtu anayekula mtaji bila kujua hafiki msimu wa pili.

Nikatafuta. Toleo jipya la programu ileile lilikuwa linajua sarafu nyingi. Lakini toleo hilo lilikuwa limepikwa kwa ajili ya mfumo mpya, na mashine ya mama ilikuwa ya zamani, yenye mfumo wa zamani. Lilikataa kuingia. Mtu wa kawaida angemwambia, "Mama, nunua kompyuta nyingine." Na hapo ndipo wengi wetu huishia.

Badala yake nilichukua chanzo cha toleo jipya, nikakipika upya juu ya mfumo wake wa zamani. Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Kupika kwenyewe kulichukua chini ya saa moja. Kilichochukua siku mbili ni kutafuta vipande vinavyohitajika, kimoja kimoja, kwa bando la simu. Siku ya tatu programu ilifunguka, ikaonyesha shilingi, faranga na dola, kila moja katika safu yake.

Mama aliitazama, kisha akacheka. Mahali palipopaswa kuandikwa "salio", mfasiri fulani ambaye hajawahi kuuza hata kibiriti alikuwa ameandika "mizani". "Mizani iko sokoni," akasema, "mimi nataka salio." Mwanafunzi wangu mmoja akafungua chanzo, akalitafuta neno lile, akalibadilisha, akapika tena. Baadaye tukatuma sahihisho lile kwa waandishi wa programu ili na wengine wafaidike. Kijana wa kidato cha tatu kutoka Koboko alikuwa amerekebisha kitu kilichotengenezwa ng'ambo. Unga haukuweza kumpa nafasi hiyo.

Kwa wanaotaka kujaribu, njia yenyewe ni hii. Katika Debian na Ubuntu, orodha ya mahali programu zinakotoka huwa na mistari ya aina mbili: "deb" kwa vilivyopikwa, na "deb-src" kwa chanzo. Mara nyingi huu wa pili umezimwa. Uwashe, kisha uipe mashine amri ya "apt update" isome orodha upya. Amri ya "apt source", ikifuatiwa na jina la kifurushi, huleta chanzo na kukifungua. Amri ya "apt build-dep" huleta vyombo vyote vya jikoni vinavyohitajika kwa kifurushi hicho. Kisha unaingia ndani ya folda na kuamuru "dpkg-buildpackage -us -uc -b". Mambo yakienda sawa, kifurushi kipya kilichopikwa kitakungoja nje ya folda hiyo. Kwa ukoo wa Fedora, chanzo huja katika faili moja linaloishia na "src.rpm", nalo hupikwa kwa "rpmbuild --rebuild".

Wanafunzi wangu huanza na kifurushi kiitwacho "hello", ambacho kazi yake yote ni kutoa salamu kwa Kiingereza. Chanzo chake hakifiki hata megabaiti moja. Niliwaambia waondoe salamu ya Kiingereza, waweke "Mi ngoni" ya Kilugbara. Wakabadilisha, wakapika, mashine ikakataa. Darasa likanyamaza, kila mmoja akidhani ameharibu. Kumbe ndani ya kifurushi mna majaribio, na moja linahakikisha kwamba salamu ni ileile ya Kiingereza. Walipobadilisha jaribio nalo, Kilugbara kikatokea kwenye kioo. Somo lile nisingeweza kuliandika ubaoni: anayebadilisha kitu lazima asome pia masharti yaliyokizunguka.

Wapo watakaouliza kama tunaruhusiwa. Si kuruhusiwa tu, ni haki yetu. Leseni ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, inayotumika kwa kiini cha Linux na kwa programu nyingine nyingi, inasema kwamba anayekupa programu iliyopikwa ni lazima aambatanishe chanzo chake, au akupe ahadi ya maandishi, ya kudumu miaka 3 kwa uchache, kwamba utakipata ukikihitaji. Leseni si zote zina sharti hilo, lakini zinazolihusu jiko lenyewe, yaani kiini na vyombo vya msingi, nyingi zinalo. Sasa nauliza: ni mradi gani uliokabidhi kompyuta katika shule zetu ukakabidhi na chanzo? Mimi nimehudhuria makabidhiano kadhaa. Nimeona riboni, nimesikia hotuba, nimekunywa soda. Diski ya chanzo sijaiona, na ahadi ya maandishi sijaisoma. Na kosa si la mgawaji peke yake. Sisi tuliopokea hatukuuliza.

Kuna sababu ya pili ya kutaka chanzo, nayo wafanyabiashara wa mpakani wataielewa kuliko maprofesa. Ni suala la kuamini mzigo. Gunia likifika Arua limeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, mnunuzi mwerevu hulifungua kabla ya kulipa. Mwezi Machi 2024 ulimwengu wa Linux ulipata gunia la namna hiyo. Programu iitwayo xz, ya kubana mafaili, ambayo imo karibu katika kila Linux, ilikutwa na mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupanda alikuwa mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alijitolea kwa muda mrefu mpaka akaaminiwa funguo. Ujanja wake ulikuwa huu: ghala la wazi ambalo watu hulisoma halikuwa na faili fulani, lakini bunda la chanzo lililogawiwa kwa wafungashaji lilikuwa nalo. Shamba lilikuwa safi, gunia lilikuwa na sumu.

Aliyeligundua hakuwa polisi wala jasusi. Ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akafuatilia nusu sekunde hiyo mpaka akaufikia mlango. Aliweza kwa kuwa chanzo kilikuwepo na alijua kukisoma. Matoleo mabaya yalikuwa yameshaingia katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakuwa yamefika katika toleo imara la Debian ambalo watu wengi hutumia.

Kwa sababu hiyo Debian na wengine wameshikilia jambo la kupika kwa namna inayorudiwa. Maana yake ni kwamba mtu wa Berlin na mtu wa Arua wakipika chanzo kilekile kwa vyombo vilevile, wapate kifurushi kilekile, bila tofauti hata ya herufi moja. Ni kama mizani mbili zinazopima gunia moja: zikitofautiana, kuna mwizi au kuna ubovu. Lakini ukaguzi wa namna hii unahitaji mizani nyingi mikononi mwa watu wengi. Kwa nini moja isiwe Arua?

Sababu ya tatu ni kwamba mlango ulio wazi leo unaweza kubanwa kesho. Mwezi Juni 2023 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba chanzo cha mfumo wake wa kibiashara hakitawekwa tena hadharani kama zamani. Wateja wake wangeendelea kukipata, na umma ungebakiwa na chanzo cha CentOS Stream. Kampuni ilitoa sababu zake, na wateja wake hawakunyimwa haki. Lakini waliozoea kuchota kisimani bila kuuliza kisima ni cha nani walishtuka.

Tena Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha kompyuta za kale za biti 32. Siwalaumu, maana huko kwao mashine hizo zimeshatupwa. Huku kwetu bado zinafundisha watoto. Nani atazitunza, kama si sisi wenye kuzitumia? Na tutazitunza kwa nini, kama hatujui kupika?

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, watu wa Koboko wanataka maji na dawa, wewe unazungumzia chanzo." Nami nakubali kwamba maji ni ya kwanza. Lakini zahanati inaandika dawa zake kwenye kompyuta, na mfanyabiashara anaandika mtaji wake humo humo. Mashine ikikwama na hakuna wa kuifungua, atakayeumia ni yuleyule anayetaka maji na dawa.

Wa pili atasema bando ni ghali, na hapo ana haki kabisa. Mwaka 2021 Serikali iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Chanzo cha kiini cha Linux peke yake, hata kikiwa kimebanwa, kinazidi megabaiti 100, na vyombo vya kupikia mara nyingi ni vizito kuliko chanzo chenyewe. Ndiyo maana sisemi kila mtu apakue kwake. Nasema tupakue mara moja, tuweke kwenye diski, tunakiliane. Tuliosoma uhamishoni tunajua kazi hiyo. Darasa letu lilikuwa na kitabu kimoja cha hesabu, cha mwalimu. Yeye aliandika ubaoni, sisi tukanakili, na mwisho wa mwaka kila mtoto alikuwa na kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Mwaka 2021, tarehe 13 Januari, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi mpaka tarehe 18. Siku hizo tano aliyetegemea kupakua alikaa bure. Aliyekuwa na diski aliendelea na kazi.

Wa tatu, huyu ni fundi, atanikosoa kwa hoja nzito kuliko zote. Atasema kifurushi ulichopika mwenyewe hakipati marekebisho ya usalama kwa mpishi wa kwanza, kwa hiyo unaweza kumwachia mama wa vitenge programu yenye tundu. Ni kweli tupu. Anayepika amechukua dhamana. Ndiyo maana sipiki kila kitu, napika tu kile ambacho kilichopo hakifai. Na kila ninachopika nakiongezea alama yangu mwishoni mwa namba ya toleo, naandika katika daftari ya mabadiliko nimebadilisha nini na kwa nini, na ninajua mashine zipi zinacho. Siku tatizo likitangazwa, najua pa kwenda. Asiyekuwa tayari kwa daftari hiyo asipike.

Basi naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kikao Kampala.

Kwanza, kila anayetukabidhi kompyuta zenye programu huria atukabidhi na chanzo cha vifurushi vyake, kwenye diski, kikiwa na saini zake. Walimu wakuu na wenyeviti wa masoko, liandikeni sharti hilo kabla ya kutia sahihi ya kupokea.

Pili, Arua iwe na ghala moja la chanzo, na Koboko iwe na nakala yake. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 na kinachofundisha masomo ya kompyuta, kiko hapa hapa nyumbani. Diski chache na mtunzaji mmoja mwaminifu vinatosha kuanza. Kijana wa Yumbe au Maracha aje na diski yake, anakili, arudi.

Tatu, tuifundishe kazi hii shuleni. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka wanafunzi wafanye miradi ya vitendo. Kupika kifurushi kimoja na kukielezea ni mradi kamili, na haugharimu karatasi za rangi wala gundi.

Nne, tuzitie lugha zetu ndani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Vizuri sana. Lakini Kiswahili cha kompyuta kitaandikwa na nani? Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, waliifungua programu ya ofisi ya OpenOffice wakatoa toleo la Kiswahili liitwalo Jambo OpenOffice. Hawakupewa kwa hisani. Chanzo kilikuwa wazi, wakakitumia. Nasi wa huku, tunaozungumza Kiswahili cha sokoni pamoja na Kilugbara na Kikakwa, tusingoje mtu wa mbali atuandikie "mizani" palipo na salio.

Wazee wetu waliporudi kutoka Zaire na Sudan walikuta nyumba zimeanguka na mashamba yamekuwa pori. Hawakukaa chini kungoja gari la unga. Walifyeka. Sisi watoto wao tumepokea mashine na programu, tumeshukuru, tumekula siku ya kwanza na ya pili. Jua la siku ya tatu limekwisha kuchomoza, na jembe liko pale kwenye ule mstari wa "deb-src" uliozimwa. Anayetaka kuanza aniletee diski.